MATUTA YA ULUGURU: MWENYE MACHO NAYE HUAMBIWA TAZAMA



Leo darsa yetu ni ya historia, na historia yenyewe haiko mbali. Ni ya mlima huu tunaouona kila asubuhi tukifungua madirisha hapa Morogoro Mjini. Soma taratibu mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unakuhusu wewe, nyumba yako na watu unaowasimamia.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii tumeizoea, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini kuna wakati mtu ana macho mazuri kabisa, amesoma, ana nia njema, anafanya kazi kwa bidii, na bado kitu kikubwa kinapita mbele yake asikione. Wakati huo mwenye macho anahitaji kuambiwa tazama. Na akiambiwa asisikie, watu wanaumia. Uluguru tuna ushahidi.

1. MLIMA NA WATAALAMU

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Tanganyika iliingiwa na hofu juu ya udongo. Wataalamu wao walipanda milima ya Uluguru wakaona mashamba ya mahindi na mpunga wa mlimani yamelimwa kwenye miteremko mikali, mioto ya kuandalia mashamba inawaka, na mvua zikinyesha mito inashuka ikiwa myekundu kwa udongo. Walijua kwamba maji ya Mto Ruvu yanatoka katika milima hii.

Ndugu msomaji, naomba uwe mwadilifu hapa. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Mmomonyoko ulikuwepo. Mtu akikuambia wataalamu wale hawakujua kitu, usimkubalie haraka. Walichokuwa wanakitazama kilikuwa kweli.

Mwaka 1950 ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Dawa kubwa ya mpango huo ilikuwa matuta ya ngazi. Mkulima alitakiwa aukate mlima kwa jembe, atengeneze vibaraza bapa kimoja juu ya kingine kama ngazi za nyumba, ili maji yasishuke kwa kasi. Pamoja na hayo yakaja makatazo: usichome moto, usilime karibu na mto, usilime penye mteremko uliopita kiasi. Amri zilipitia kwa watawala wa kienyeji, chini ya Sultani Sabu bin Sabu wa Waluguru, zikashuka kwa viongozi wadogo hadi vijijini. Aliyekaidi alishitakiwa na kutozwa faini.

Sasa elewa jambo hili, maana ndilo kiini cha darsa. Kazi ikishakuwa ni matuta, basi kinachotazamwa ni matuta. Bwana shamba akipanda mlimani, jicho lake linatafuta matuta. Je, yamechimbwa? Yana upana unaotakiwa? Yamefuata mstari? Nani hajachimba? Kinachohesabiwa ndicho kinachoonekana, na kisichohesabiwa kinapita mbele ya macho kama upepo.

2. AMBACHO JICHO HALIKUKIONA

Mambo matatu yalikuwa yanapita mbele ya wataalamu wale mchana kweupe.

La kwanza ni udongo wenyewe. Katika miteremko mingi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu tu. Chini yake kuna udongo mwekundu usio na nguvu ya kuotesha chakula. Ukichimba tuta la ngazi unaukata mlima, na ukiukata unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule uliokufa. Kuurudishia uhai inataka mbolea nyingi ya samadi na miaka ya kusubiri, na Waluguru wa milimani hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Kwa hiyo mkulima alichimba kwa jasho, kisha akapanda, kisha akaona mahindi yamedumaa na kuwa ya njano. Shamba la jirani yake ambaye hajachimba lilikuwa na hali nzuri zaidi.

La pili ni maji. Upande wa mashariki wa Uluguru, kule Matombo na Kinole, mvua ni nyingi mno, karibu kila mwezi kuna kitu kinanyesha. Kibaraza bapa hakiruhusu maji yakimbie. Kinayakusanya yazame ndani ya mlima. Sehemu nyingine hilo ni jema. Lakini katika mlima mkali wenye udongo mlegevu, maji yakizama kupita kiasi mlima unalainika, na tuta linaporomoka pamoja na kilichopandwa juu yake. Yaani dawa iliyokuja kuuzuia udongo usishuke, mahali pengine iliushusha.

La tatu ni watu. Katika Uluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Na kazi za kila siku za shambani, kupanda, kupalilia, kuvuna, mzigo mkubwa ulikuwa juu ya wanawake. Mwanamke ndiye aliyejua kona ipi ya shamba inashika maji na ipi imechoka. Lakini amri ya serikali ilikuwa inamtafuta mlipa kodi, na mlipa kodi ni mwanamume. Mwenye elimu ya shamba lile hakuulizwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa aliyekuwa analala kitandani alikuwepo, anaonekana, ana ulimi, hakuna aliyemwendea.

Na tena, upande wa magharibi, kule Mgeta, wakulima walikuwa na njia yao wenyewe ya kuzuia udongo. Wanapanga magugu na majani kwa mistari kukingama mteremko, kisha wanavuta udongo wa juu kuyafunika. Vinatokea vingazi vidogo, na majani yakioza yanakuwa mbolea. Udongo mzuri unabaki juu. Njia hiyo ilikuwa mbele ya macho ya kila aliyepita Mgeta. Subhanallah! Mtu anatafuta jinsi ya kuushika udongo wa Uluguru, na walioushika kwa mikono yao wamesimama pembeni yake.

3. JULAI 1955

Manung'uniko yalianza kidogokidogo. Watu wakalalamika kwamba matuta yanaua mashamba. Wengine wakaingiwa na hofu kubwa zaidi, kwamba wanatengenezeshwa ardhi ili baadaye wanyang'anywe. Usiwacheke. Mwaka 1951 Wameru wa kaskazini walihamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 wakapeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa. Na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa Dar es Salaam, na habari zake zilikuwa zinapanda milima pamoja na wafanyabiashara na wasafiri.

Haya yote yalikuwa ni ishara. Lakini mwenye kutafuta matuta, malalamiko anayasikia kama uvivu. Kila anayesema tuta halifai, anaandikwa kuwa mkaidi. Na waliposimama watu kuwasemea wakulima, wakaitwa wachochezi.

Mwezi Julai mwaka 1955 chungu kikachemka. Kule Matombo umati wa watu ulikabiliana na watawala na polisi. Mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya hapo mpango ule ulikufa. Kazi ya miaka mitano ikaachwa, na watu wakarudi kulima kama walivyokuwa wakilima. Na neno "matuta" likabaki katika milima ile likiwa na ladha chungu kwa miaka mingi.

Nataka ujiulize swali moja zito. Watu waliosoma kilimo, waliokaa katika mlima mmoja miaka mitano, waliopita mashambani, walishindwaje kuona mahindi ya njano?

4. GORILA KATIKATI YA WACHEZAJI

Jibu la haraka ni kusema walikuwa wakoloni, walikuwa na kiburi. Kiburi kilikuwepo, na ukoloni ulikuwa ni dhulma, hilo hatulifichi. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumejidanganya, kwa sababu tutadhani sisi tumesalimika.

Mwaka 1999 watafiti wawili katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu duniani. Waliwaonyesha watu filamu fupi ya makundi mawili ya vijana wakipasiana mpira, wengine wamevaa fulana nyeupe, wengine nyeusi. Mtazamaji akaambiwa ahesabu pasi za kundi moja tu. Katikati ya mchezo akaingia mtu aliyevaa vazi la gorila, akasimama katikati ya wachezaji, akajipigapiga kifua, akaondoka zake. Alionekana kwa sekunde tisa nzima. Kisha watazamaji wakaulizwa: mmeona kitu chochote cha ajabu? Karibu nusu yao hawakumwona.

Hawakuwa vipofu, na gorila hakuwa kajificha. Walikuwa wanahesabu.

Labda utasema hao walikuwa watu wa kawaida, mtaalamu hawezi kukosa. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake wakawajaribu madaktari bingwa 24 wanaosoma picha za ndani ya mwili. Waliwapa picha za mapafu watafute vivimbe vya saratani, na ndani ya picha wakaweka umbo la gorila lenye ukubwa mara 48 ya kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakuliona. Na vifaa vilivyofuatilia mwendo wa macho yao vilionyesha kwamba wengi wa waliokosa macho yao yalikuwa yametua palepale penye umbo lile.

Umeelewa, ndugu yangu? Jicho lilifika, akili haikufika. Utaalamu wake ulimsaidia kuona kivimbe ambacho mimi na wewe tusingekiona, na wakati huohuo ulimfungia mlango wa kitu asichokitarajia. Hivi ndivyo alivyoumbwa mwanadamu. Uwezo wa kuzingatia una kipimo, na ukiumimina wote katika tundu moja, matundu mengine yanakauka.

Rudi sasa Uluguru. Bwana shamba alikuwa anahesabu pasi. Mahindi ya njano yalikuwa gorila.

5. DINI YETU INASEMAJE

Sisi Waislamu jambo hili halikupaswa kutushangaza. Soma Surat Yusuf. Wanawake wa mjini waliokuwa wakimsema mke wa Al-Aziz walialikwa, kila mmoja akapewa kisu. Yusuf (a.s.) akatoka mbele yao. Nini kilitokea? Wakajikata mikono yao. Kisu kiko mkononi, mkono ni wake, na hisia zote zimehama kwenda kwa kile anachokitazama. Na katika sura hiyohiyo, aya ya 105, Allah anatuambia habari ya ishara ngapi zilizomo mbinguni na ardhini ambazo watu wanazipita huku wamezipa mgongo. Irudie aya hiyo ukiwa umetulia.

Sasa mtu anaweza kuniuliza: ustadhi, si tunafundishwa khushui? Si tunaambiwa tukisali tuzame ndani ya swala, dunia tuiache nje? Ndiyo. Kuzingatia ni neema. Mtume (s.a.w.) alipewa shuka yenye nakshi, akasali nayo, nakshi zikamvuta, akaivua na kuirudisha kwa aliyempa, akaomba nyingine isiyo na mapambo. Alikuwa analinda uzingatifu wake.

Lakini tazama Sharia ilivyo na hekima. Haikumfungia mwenye kusali ndani ya chumba kisicho na mlango. Nyoka au nge akitokea, umeruhusiwa kumuua ungali ndani ya swala. Imamu akikosea, maamuma mwanamume anasema Subhanallah, na mwanamke anapiga kofi kwa mkono wake. Sikiliza vizuri hapo: sauti ya mwanamke aliyeko safu ya nyuma kabisa imewekewa njia ya kumfikia imamu aliyeko mbele kabisa. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akianza swala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha anasikia mtoto analia, anaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakuna aliyemzidi kwa khushui, na bado kilio cha mtoto kilimfikia.

Kisha kuna kisa cha Dhul-Yadayn, kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mtume (s.a.w.) aliswalisha moja ya swala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili badala ya nne. Akainuka akaenda kuegemea mti uliokuwa msikitini. Watu wakaanza kutoka wakisema swala imepunguzwa. Abu Bakr na Umar walikuwepo, nao wakaona haya kumsemesha. Akainuka mtu mmoja aliyeitwa Dhul-Yadayn kwa urefu wa mikono yake, akamuuliza Mtume kama amesahau au swala imefupishwa.

Angalia kilichofuata. Hakukemewa, wala hakuambiwa wewe ni nani mbele ya Abu Bakr na Umar. Mtume (s.a.w.) aliwageukia watu akawauliza kama asemayo Dhul-Yadayn ni kweli. Walipothibitisha, akarudi, akakamilisha rakaa zilizobaki, akasujudu sijda mbili za kusahau. Jambo likarekebishwa palepale.

Hapa pana mafunzo mawili, na yote mawili yalikosekana Uluguru. La kwanza, awepo mtu wa kusema. La pili, awepo kiongozi wa kuuliza: je, asemayo ni kweli? Katika Uluguru wa 1950 hadi 1955 akina Dhul-Yadayn walikuwa wengi. Walisema kwa midomo, wakasema kwa kugoma, mwisho wakasema kwa mawe. Aliyekosekana ni wa kugeuka na kuuliza.

6. MATUTA YALIYORUDI KWA MLANGO MWINGINE

Historia ina ziada ambayo wengi hawaijui. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, na milima ikaporomoka katika sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti waliochunguza walikuta kwamba maporomoko mengi sana yalikuwa kwenye mashamba na majani, na penye msitu yalikuwa machache mno. Kwa hiyo hatari ya udongo waliyoiogopa wataalamu wa 1950 ilikuwa ya kweli, nayo haikuondoka kwa sababu mpango wao ulikufa. Hiyo ndiyo hasara ya pili ya kutosikiliza. Ukilazimisha dawa kwa mtu mpaka akaichukia, unaweza kumfanya aichukie hata habari ya ugonjwa wenyewe.

Kisha katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yakaanzisha mradi katika eneo la Kibungo Juu, hukohuko Uluguru. Safari hii watumiaji wa maji ya Ruvu walioko Dar es Salaam, wakiwemo DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza, walichangia fedha za kuwalipa wakulima wa mlimani wanaotunza udongo. Wakulima walielimishwa, wakachagua njia, wakafundishwa kutumia samadi. Na miongoni mwa njia zilizotumika ilikuwemo ileile: matuta ya ngazi. Wakapatikana wakulima waliochimba kwa hiari yao.

Allahu Akbar. Mlima ni uleule, jembe ni lilelile, na matuta ni yaleyale ambayo babu zao waliyakataa hadi damu ikamwagika. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliulizwa, na lile lililokosekana, mbolea na malipo ya jasho, likaonekana.

7. NA WEWE UNAHESABU NINI?

Sasa nakuja kwako, ndugu yangu, dada yangu. Kila mmoja wetu ana matuta yake anayoyahesabu.

Wewe mzazi unahesabu nafasi ya mtoto darasani. Amekuwa wa ngapi? Amepata daraja gani? Kila jioni swali ni hilohilo. Mtoto amekonda, hacheki, anaogopa kupita njia fulani, anashtuka mtu fulani akiingia nyumbani. Anapita mbele yako kila siku na daftari mkononi, na jicho lako liko kwenye daftari.

Wewe mwalimu wa madrasa unahesabu juzuu. Huyu amehifadhi tano, yule kumi. Ni kazi tukufu, Allah akulipe. Lakini yule kijana anayekosea kila siku aya zilezile, umewahi kumuuliza kama amekula? Umewahi kumuuliza kama anauona ubao?

Sisi wa kamati za misikiti tunahesabu matofali. Mnara umefika wapi, vigae vimebaki vingapi, nani hajatoa ahadi yake. Na mjane anayeswali safu ya nyuma aliacha kuja tangu mfungo uliopita, na hakuna aliyeuliza yuko wapi, kwa sababu jina lake halimo kwenye daftari la michango.

Wewe dereva unayeingia Msamvu unatazama magari. Macho yako yanatafuta basi na lori, maana ndivyo unavyoviogopa, na bodaboda anapita pembeni yako ulikotazama hasa na usimwone. Ukiongeza na simu sikioni, hata kama mikono yote iko kwenye usukani, akili imeshahama. Jicho limebaki barabarani peke yake, na jicho peke yake haliendeshi gari.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uache kuhesabu. Mtoto lazima asome, juzuu lazima zihifadhiwe, msikiti lazima ujengwe, na udongo wa Uluguru lazima ushikwe usishuke. Wala sikuambii ukodoe macho zaidi, kwa maana wale madaktari walikodoa, wakakosa. Dawa ni tatu, na zote ni nyepesi kwa aliyewepesishiwa na Allah.

Moja: kila jambo unalolisimamia, mtafute mtu ambaye jicho lake liko kwingine. Mzazi amuulize bibi wa mtoto. Mwalimu amuulize mpishi wa madrasa. Imamu amuulize anayefagia msikiti. Hao hawahesabu unachohesabu wewe, kwa hiyo wataona usichokiona.

Mbili: akikuambia, usimwite mkaidi. Fanya alivyofanya Mtume wako (s.a.w.), geuka uwaulize wengine: je, ni kweli asemavyo? Swali hilo dogo lingeulizwa Matombo mwaka 1953 au 1954, huenda mtu yule wa mwaka 1955 angerudi nyumbani.

Tatu: na wewe uliye safu ya nyuma, usinyamaze. Abu Bakr na Umar waliona haya, na haya yao ilikuwa ya heshima, lakini aliyeiokoa swala siku ile ni aliyesema. Sema kwa adabu, sema kwa swali kama alivyouliza yeye, lakini sema. Mama unayejua kwamba shamba limechoka, sema. Mwanafunzi unayejua mwenzako anaumia, sema.

Ewe Allah, tupe macho yanayoona na nyoyo zinazohudhuria. Usitufanye miongoni mwa wanaozipita ishara zako wamezipa mgongo. Wape viongozi wetu masikio ya kusikia, na uwape wadogo wetu ndimi za kusema kweli kwa adabu. Mrehemu kila aliyepoteza uhai wake katika milima hii kwa dhulma, na uilinde milima hii, maji yake na watu wake. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako, hasa yule anayesimamia watu. Na leo jioni kabla hujalala, muulize mtu mmoja wa nyumbani kwako: kuna kitu gani hapa ambacho mimi sikioni? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.